Hatari Inayonguruma

Muulize Mkenya yeyote stori ya reli ya zamani, ile iliyotoka Mombasa hadi Kisumu, na kuna uwezekano mkubwa ataanza na simba. Simba wawili wa Tsavo, madume wasio na manyoya shingoni, waliokuwa wakiwavuta vibarua kutoka kwenye mahema usiku, mwaka wa 1898. Hollywood waliwatengenezea filamu mwaka wa 1996. Simba wenyewe, ngozi zikiwa zimejazwa na macho kuwekwa ya bandia, wako kwenye jumba la makumbusho kule Chicago hadi leo.

Mimi pia nimekua na stori hiyo. Ni stori tamu. Shida ni kwamba ukiangalia hesabu ya waliokufa, simba wanakuwa kitu kidogo sana.

John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, aliandika kwenye kitabu chake cha 1907 kwamba waliliwa Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. Baadaye akaanza kusema 135. Mwaka wa 2009 wanasayansi walipima mifupa na nywele za simba wale, wakakadiria watu kama 35.

Sasa weka hiyo kando ya hesabu nyingine. Kati ya 1896 na 1901 reli ilileta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wagonjwa au walemavu. Hata ukikubali ile 135 ya Patterson, bado ni tone kwenye ndoo. Waliobaki waliuawa na vitu visivyonguruma: malaria, kuhara damu, ajali za kazini.

Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha mradi, unalijua lile jedwali. Kila hatari inaulizwa maswali mawili: kuna uwezekano gani itokee, na ikitokea hasara ni kiasi gani? Unazidisha, unapaka rangi, nyekundu inashughulikiwa kwanza. Ni hesabu safi. Lakini ndani yake kuna swali la tatu ambalo mara nyingi haliandikwi popote: hasara ya nani?

Hebu tumrudie George Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli, aliyefika Mombasa Desemba 1895. Mbele yake kulikuwa na nyika ya Taru isiyo na maji, mbung'o waliokuwa wakiua punda na ng'ombe wa kubeba mizigo, mvua za kubomoa tuta, homa, funza, na baada ya hapo miteremko ya Bonde la Ufa. Huwezi kupambana na vyote kwa siku moja. Maji yalikuja kwanza, yakawa yanabebwa kwa treni hadi reli ilipofikia. Hapo huwezi kumlaumu. Bila maji, kazi inasimama siku hiyo hiyo.

Na hicho ndicho kilikuwa kipimo: je, kitu hiki kitasimamisha kazi?

Kwa kipimo hicho, malaria haikuwa hatari kubwa. Kibarua akianguka kwa homa, meli nyingine inakuja na vibarua wengine. Kwinini ilikuwepo na ilijulikana. Agosti 1897, kule India kwenyewe walikotoka vibarua hao, Ronald Ross alikuwa amegundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Lakini mgonjwa mmoja leo, watatu kesho, hawasimamishi reli. Wanaingia tu kwenye gharama.

Simba nao? Walianza kuua Machi 1898. Patterson alikesha usiku mwingi juu ya miti akiwavizia, hilo tumpe. Lakini mchana watu waliendelea kujenga daraja la Tsavo kama kawaida. Kisha Desemba, mamia ya vibarua wakajilaza mbele ya treni iliyokuwa inapita, ikasimama, wakarusha mizigo yao ndani na kuondoka kwenda pwani. Waliobaki wakawa wanalala juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa, na kwenye vitanda vilivyofungwa mitini. Daraja likakaa takriban wiki tatu bila kujengwa. Simba wa kwanza akapigwa risasi tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29.

Kwa hiyo hata simba hawakufika juu kabisa ya orodha kwa sababu ya kula watu tu. Walifika huko siku vibarua walipoamua kwamba maisha yao nayo ni sehemu ya ratiba. Homa hawakuweza kuigomea vile. Huwezi kulala kwenye reli kumpinga mbu.

Ungedhani stori inaishia hapo, na wewe uko salama kwenye meza yako Nairobi. Lakini Nairobi yenyewe ilizaliwa na orodha ile ile.

Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899. Kwa wahandisi, palikuwa mahali pazuri: maji ya mto, na uwanda tambarare wa kupanga mabehewa na karakana kabla ya kupanda miinuko iliyo mbele. Hatari ya kukosa nafasi ya karakana ilikuwa nyekundu. Hatari ya kuishi kwenye kinamasi, kwenye udongo mweusi usiopitisha maji, ilikuwa ya kesho.

Kesho ikafika haraka. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, na daktari akaamuru lichomwe moto. Madaktari walipendekeza mji uhamishwe, na si mara moja. Winston Churchill alipopita hapa 1907, alikuta mji uliokwisha kuota mizizi, akaandika kwamba muda wa kuuhamisha ulikuwa umepita. Miaka minane tu! Hatari ndogo uliyoiahirisha ni kama mkopo wa simu: unakua ukiwa umelala.

Na wanaoulipa si waliokopa. Wazungu walipanda mlimani, kwenye udongo mwekundu na hewa safi. Wengine wakabaki chini, karibu na mto. Ramani hiyo haijabadilika sana. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipokuja, zaidi ya watu 200 walikufa nchini, na Nairobi maji yalipita ndani ya nyumba za Mathare na Mukuru. Baadaye tingatinga za serikali zikaja kubomoa nyumba za kando ya mto. Mto ulikuwa hapo miaka yote. Mvua ilikuwa inakuja kila mwaka. Lakini kila bajeti ilikuwa na simba wake wa kushughulikia kwanza.

Sisemi simba aachwe ale watu. Aliyeko hemani na wewe lazima umtoe. Ila siku ukikaa kwenye kikao na jedwali likawekwa ukutani, uliza pia nani hayumo chumbani, na kama angekuwemo angeipaka hatari gani rangi nyekundu. Vibarua wa Tsavo hawakualikwa kwenye kikao chochote. Ilibidi wasimamishe treni.