Vijana wa Pasadena na Roketi Isiyoruka

Jumamosi ya tarehe 31 Oktoba, 1936, vijana kadhaa walishuka na mizigo yao katika bonde la Arroyo Seco, kando ya mji wa Pasadena, California. Mto wenyewe ulikuwa umekauka. Walikuwa na mitungi ya gesi, mipira ya kupitisha oksijeni, magunia ya mchanga ya kujificha nyuma yake, na injini ndogo ya roketi ambayo sehemu zake nyingine waliziokota kwenye vyuma chakavu. Roketi ya kurusha hawakuwa nayo. Injini ile ilifungwa imara kwenye fremu, na maombi yao yote yalikuwa isitoke hapo.

Sisi huijua historia ya roketi kwa picha ya kitu kinachopaa na moshi mkiani. Lakini fuata maisha ya watu waliounda injini hizi kwa mikono yao na utaona kwamba kazi kubwa ilifanyika chini, kabla ya kitu chochote kuruka.

Frank Malina alikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha Caltech. Wenzake wawili, Jack Parsons na Ed Forman, hawakuwa wanafunzi wa chuo hata kidogo. Walijuana tangu shuleni, na wakiwa watoto walikuwa wakilipua fataki za kujitengenezea. Forman alikuwa fundi wa mitambo. Parsons alijifunza kemia ya baruti kwa kufanya kazi kwenye viwanda vya vilipuzi. Hawa wawili walitaka kuona kitu kikipaa, na mapema. Malina akakataa: kwanza tupime.

Alikuwa na sababu. Injini iliyofungwa chini hukwambia inasukuma kwa nguvu gani, inawaka kwa muda gani, na kama ganda lake litastahimili shinikizo. Injini iliyoachiliwa angani ikipasuka hukuachia vipande tu, na vipande havisemi mengi.

Siku ile bondeni, utambi wa kuwashia uliwasumbua mara tatu. Walipojaribu tena, mpira wa oksijeni ukashika moto na kuanza kujirusha huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa. Mbio! Lakini walirudi. Tarehe 16 Januari, 1937, injini yao iliwaka kwa sekunde 44.

Chuoni watu waliwabandika jina la Kikosi cha Kujiua, na halikuwa utani mtupu. Mwaka 1939 kifaa chao kililipuka wakati wa jaribio, na kipande cha chuma kikajikita kwenye mbao pale ambapo kichwa cha Malina kingekuwa. Kilichomwokoa ni kwamba Profesa von Kármán alikuwa amemwomba ampelekee mashine ya kupigia chapa nyumbani.

Baadaye jeshi la Marekani likawataka watengeneze roketi ndogo za kusaidia ndege kupaa kwenye viwanja vifupi. Mwaka 1941 walifaulu kuirusha ndege ndogo kwa msaada huo, lakini kulikuwa na tatizo la ajabu. Injini iliyopakiwa leo iliwaka vizuri. Ile iliyokaa ghalani siku kadhaa ililipuka. Kisa kilikuwa nyufa. Baruti ile iliyoshindiliwa ilipopata joto kisha baridi, ilipasuka ndani kwa ndani. Moto wa roketi hula uso wa fueli. Ufa ni uso mwingine mpya, kwa hiyo kinachowaka kwa wakati mmoja kinazidi, gesi inafurika kuliko tundu linavyoweza kuitoa, na ganda linapasuka.

Mwaka 1942 Parsons akaleta jibu lililotoka barabarani: lami. Lami iliyoyeyushwa, ikachanganywa na chumvi ya potasiamu iliyojaa oksijeni, ilimiminwa ndani ya ganda kama uji na kugandia humo humo. Lami hunyumbuka kidogo, kwa hiyo haikupasuka ovyo. Mwaka huo huo, wao na von Kármán wakaanzisha kampuni ya Aerojet.

Parsons alifariki tarehe 17 Juni, 1952, katika mlipuko kwenye maabara yake ya nyumbani, Pasadena. Alikuwa na miaka 37. Huyu hakuwa mgeni wa baruti. Ni watu wachache duniani waliomzidi kuijua.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 1957, Warusi walirusha Sputnik, na vijana wa Marekani wakapagawa na roketi. Wengi walishindilia kemikali kwenye mabomba ya chuma bila mtu wa kuwaelekeza. Bomba la chuma likipasuka ni bomu, basi. Kule Coalwood, mji wa makaa ya mawe West Virginia, Homer Hickam na wenzake walikuwa na bahati ya kupata mafundi wa mgodi wa kuwachongea vyuma na mwalimu wa kuwapa vitabu. Mwaka 1960 walishinda medali katika maonyesho ya sayansi ya kitaifa. Si kila mtoto alikuwa na mafundi hao.

Jibu la wengine lilitoka kwa muuza viatu. Orville Carlisle wa Norfolk, Nebraska, alikuwa pia mtaalamu wa fataki. Aliunda roketi ya karatasi na mbao nyepesi, yenye injini inayotolewa na kubadilishwa, akamtumia Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye uwanja wa makombora wa White Sands. Stine aliona hapo njia ya kuwanusuru vijana: mtoto aunde roketi, injini atengeneze mwenye kiwanda. Vern Estes wa Colorado akaunda mtambo wa kuzishindilia injini hizo. Leo kila injini huandikwa alama, mfano A8-3. Herufi ni jumla ya nguvu, nayo huongezeka maradufu kwa kila herufi. 8 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. 3 ni sekunde za kungoja kabla mwavuli haujafunguka. Alama hiyo ina maana kwa sababu injini za aina hiyo zimeshafungwa chini na kupimwa.

Hadithi hii imefika kwetu pia. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka mitambo ya San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi iliyoibeba, Scout, ilitumia fueli ngumu katika hatua zake zote nne, na injini ya hatua ya kwanza ilitoka Aerojet. Naam, kampuni ya wale jamaa wa bondeni.

Siku hizi wanafunzi wa JKUAT kule Juja wanaunda roketi zao katika mradi wanaouita Nakuja. Wanafanya kazi hiyo kwa pamoja, chuoni. Parsons, siku yake ya mwisho, alikuwa nyumbani.