Gari kuukuu lina faida Turkana, mradi mwenyewe apige hesabu

WAHENGA walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo inawafaa sana wenye magari katika miji ya Lodwar na Kakuma, ambako wengi hujiuliza iwapo ni heri kuendelea kulifanyia ukarabati gari la zamani au kuliuza na kukopa fedha za kununua jingine.

Uamuzi huo si mwepesi. Katika kaunti ambayo gari moja huenda likawa ndilo tegemeo la duka, la kusafirishia mifugo na la kumkimbiza mgonjwa hospitalini, kukosea hesabu kwaweza kuifilisi familia nzima.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni ushuru. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini iwapo limepitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo, mnunuzi hana budi kuchagua gari ambalo bado lina thamani kubwa, na ushuru hutozwa kwa kufuata thamani hiyo.

Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha kwa magari ni asilimia 35. Juu yake huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 25 kwa magari mengi yenye injini inayozidi sisi 1,500, kisha ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16.

Kila ushuru hukokotolewa juu ya ule uliotangulia. Gari ambalo thamani yake ya forodha ni Sh1 milioni hulipiwa Sh350,000, kisha Sh337,500, na hatimaye Sh270,000. Jumla ni Sh957,500, bila kuhesabu ada nyingine za uagizaji.

Jambo la pili ni kushuka kwa thamani. Gari hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka ya mwanzo. Aliye na gari kuukuu hasara hiyo ilikwisha kumpita, au ilimpata mwenye gari wa kwanza.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayeliuza gari lake kwa Sh600,000 na kukopa Sh1.4 milioni ili anunue la Sh2 milioni. Riba ikiwa asilimia 15, mwaka wa kwanza atalipa hadi Sh210,000. Thamani ikishuka kwa asilimia 15, atapoteza Sh300,000. Bima kamili ya asilimia nne ni Sh80,000. Jumla ni Sh590,000 hata kabla ya kutia mafuta.

Iwapo angebaki na gari la zamani na kutenga Sh20,000 kila mwezi kwa matengenezo, angetumia Sh240,000 kwa mwaka. Tuseme gari hilo linakunywa lita 40 zaidi kwa mwezi, na lita moja ni Sh180. Hizo ni Sh86,400. Thamani yake ikishuka kwa Sh60,000, jumla inakuwa Sh386,400. Ameokoa zaidi ya Sh200,000.

Mfano huo unaonyesha pia kikomo cha subira. Matengenezo yakifika takriban Sh37,000 kila mwezi, faida ya gari kuukuu huwa imekwisha.

Mafuta nayo yasipuuzwe. Bei ambazo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi hujumuisha gharama ya usafirishaji, na ndiyo sababu wakazi wa Lodwar hulipa zaidi ya wenzao wa Mombasa. Anayesafiri mara kwa mara kilomita 120 hivi kati ya Lodwar na Kakuma huumia zaidi kwa injini inayokunywa mafuta kupita kiasi.

Aina ya gari pia ina uzito. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuundwa mwaka wa 1984, hupendwa maeneo haya. Nyingi zina injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyotegemea kompyuta, ambayo fundi wa gereji ndogo anaweza kuifungua na kuirekebisha. Gari jipya lenye vifaa vya kielektroniki likiharibika, huenda likalazimika kubebwa hadi Kitale au Eldoret.

Hali ya hewa kavu ya Turkana huzuia kutu, lakini joto na vumbi ni maadui wakubwa. Filta ya hewa isafishwe mara kwa mara, rejeta ikaguliwe, na mafuta ya injini yabadilishwe kwa wakati. Mvua inaponyesha, mito ya msimu kama Kawalase mjini Lodwar na Tarach huko Kakuma hufurika ghafla; maji yakiingia kwenye injini, akiba ya miaka hutoweka kwa siku moja.

Anayenunua gari lililotumiwa na mashirika ya misaada ahakikishe kuwa ushuru umelipwa, kwani gari lililoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi hudaiwa ushuru linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo. Rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zikaguliwe kabla ya fedha kutolewa.

Hata hivyo, uzee wa gari usiwe kisingizio cha kuhatarisha maisha. Chesisi ikipasuka, breki zikikosa kutegemewa au usukani ukilegea bila kupona, hesabu ya fedha haina nafasi tena. Kwa mengine, mwenye gari aandike daftarini kila shilingi anayoitoa, na mwisho wa mwaka ailinganishe na gharama ya mkopo. Daftari hilo ndilo litakalomwambia kama wakati wa kuachana na gari lake umewadia.