Mapigo Yasikiwayo Kabla ya Kuzaliwa

Kwa karne nyingi moyo wa mtoto aliyemo tumboni ulikuwa siri. Mwaka 1816, huko Paris, tabibu Laennec alibuni chombo cha kusikilizia kifua. Mwaka 1821 Kergaradec alikiweka juu ya tumbo la mja mzito, akitaraji kusikia maji yakitikisika. Badala yake akasikia moyo mdogo ukipiga upesi kuliko wa mama. Ndipo mwaka 1895 Pinard, naye Mfaransa, akatoa ile pembe fupi ambayo wakunga wetu waijua mpaka leo.

Pembe hiyo ilileta hesabu. Mapigo ya kawaida ni 110 hata 160 kwa dakika. Kila uchungu ukazapo, damu iendayo kwenye kondo la nyuma hupungua kwa kitambo, na mtoto mwenye nguvu huvumilia. Lakini mapigo yakishuka, yakachelewa kurudi baada ya uchungu kupita, yamkini mtoto anakosa hewa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lashauri mkunga asikilize dakika nzima, kila dakika 15 hata 30 uchungu ukolezapo, na kila dakika 5 mama asukumapo.

Basi kwa mama atokaye Njiro kwenda kujifungua, kuwapo kwa pembe hakutoshi. Hapana budi awepo mkunga mwenye nafasi ya kuishika. Akina mama wanne wakisukuma pamoja, mkunga mmoja atatumia dakika 4 katika kila 5 kwa kusikiliza tu.

Kwa ajili ya shida hiyo kampuni ya Norwei, Laerdal Global Health, ilitengeneza kifaa cha kufungwa tumboni, kikaitwa kwa Kiswahili: Moyo. Kilijaribiwa Muhimbili, Temeke, na Haydom, iliyokuwa katika Mkoa wa Arusha mpaka Manyara ilipoundwa mwaka 2002. Matokeo ya Temeke, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba kifaa kilitambua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi kuliko pembe. Walakini hali ya watoto waliozaliwa haikutofautiana sana.

Jambo hilo halikidharaulishi chombo, bali laonyesha mpaka wake. Mapigo yakisha kusikiwa, yatakiwa mikono ya kumgeuza mama ubavu, tabibu wa kuitwa, na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Penye upungufu wa hayo, mkunga husikia hatari mapema, kisha hungoja.