Linux ikibadilika sura, mtumiaji afanyeje?

Wadau wa kafe, iwe Mwandoya au popote, ukikaa kwenye mashine ya Ubuntu ukakuta menyu imehama, usikimbie. Faili zako zipo pale pale. Kilichobadilika ni sura tu, yaani ile programu inayochora menyu, ikoni na madirisha juu ya mfumo wenyewe.

Ubuntu ilianza mwaka 2004 na sura ya GNOME. Aprili 2011 toleo la 11.04 likaleta Unity, ikoni zikapangwa wima upande wa kushoto. Mwezi huo huo GNOME 3 nayo ikaondoa menyu za zamani. Watu wakalalamika sana! Lakini leseni ya programu huria inakuruhusu kuichukua na kuiendeleza: mwaka huo huo jamaa wengine wakaichukua GNOME 2 na kuiendeleza kwa jina la MATE. Oktoba 2017 Ubuntu yenyewe ikaiacha Unity, ikarudi GNOME.

Sisi Waswahili tunaumia mara mbili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haiishi, maana kila menyu mpya huja na maneno mapya. Yasipotafsiriwa, Kiingereza kinarudi.

Cha kufanya:
1. Mwombe mwenye kafe aweke MATE. Haili memori sana, inafaa mashine kuukuu. Sura unaichagua pale unapoingiza neno la siri.
2. Unajua Kiswahili? Jitolee kutafsiri.

Au mnasemaje, wadau?