Accumulo Yahamia Git: Mtunzi na Mnakili

Anayetoka Laurel, Maryland, kwa barabara ya 198 kuelekea mashariki hufika Fort Meade, makao makuu ya shirika la ujasusi la NSA. Huko, mwaka 2008, ilianza hifadhidata iitwayo Accumulo, iliyofuata mfano wa Bigtable ya Google. Kila chembe ya data ndani yake hubeba alama ya nani anaruhusiwa kuiona. Mwaka 2011 NSA iliikabidhi kwa Wakfu wa Apache iwe programu huria. Mwaka uliofuata, kamati moja ya Seneti ilitaka matumizi yake yawekewe mipaka katika Wizara ya Ulinzi, kwa hoja kwamba programu huria za namna hiyo zilikuwapo tayari. Accumulo ikaendelea.

Mwaka 2013 mradi uliacha Subversion ukahamia Git, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005. Wengi husimulia hamisho kama hili kuwa ni habari ya kasi tu. Sisi tunaona kubwa zaidi lilikuwa majina.

Katika Subversion, daftari la mabadiliko ni moja, liko kwenye seva, na wachache tu ndio wenye ruhusa ya kuandika humo. Mtu wa nje alituma kiraka chake, mwenye ruhusa akakiingiza, na daftari likaandika jina la huyo aliyeingiza. Mwenyewe alitajwa kwenye maelezo, kama mtu alikumbuka kumtaja. Git humpa kila mtu nakala nzima ya daftari, na huandika majina mawili: aliyetunga na aliyeingiza.

Wasomi wa tendi wanalijua jambo hili vizuri. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia Wazungu miswada mingi, na mtafiti hana budi kuuliza kila mara: hili ni lake, au yeye ni mnakili tu?

Hata hivyo Git haikuweza kurudisha ambacho hakikuandikwa. Mabadiliko ya kabla ya 2013 yalihamishwa yalivyo, na viraka vya watu wa nje vikabaki chini ya majina ya walioviingiza. Tena daftari la wazi linaanzia 2011. La miaka mitatu ya mwanzo lilibaki Fort Meade, kilomita chache tu kutoka Laurel.