Nakala Zisizo na Nasaba: Kuchanganyika kwa Mafaili katika Mfumo wa Taarifa za Afya Tanzania

Katika zahanati za Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulijulikana kwanza kama vitabu. Tangu miaka ya 1990 watumishi walijaza rejesta, wakajumlisha mwisho wa kipindi na kupeleka fomu wilayani, ambako zilijumlishwa tena kwa ajili ya mkoa na wizara. Fomu ikipotea, pengo lilionekana. Kompyuta ilileta tatizo la namna nyingine: faili moja kuwapo mahali pengi, kwa jina lilelile, bila nakala yoyote kulingana na nyingine.

Programu ya DHIS ilianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, chini ya mradi wa HISP ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Oslo. Matoleo ya awali yalijengwa juu ya Microsoft Access, na kila ofisi ilikuwa na nakala yake. Waasisi wake walikusudia wilaya iweze kurekebisha orodha ya vipengele kulingana na mahitaji yake. Uhuru huo, ambao ulikuwa sifa ya programu, ndio uliozaa mkanganyiko. Mafaili yalipounganishwa ngazi ya juu, kipengele kimoja kingeweza kuwa na namba mbili, au namba moja kubeba maana mbili.

Maelezo yanayozoeleka, kwamba chanzo ni uzembe wa waingizaji takwimu, hayatoshi. Fundi aliyetaka kujua faili lipi ni sahihi alikosa ushahidi wa kuaminika. Tarehe haikumsaidia sana, kwa kuwa faili la Access huweza kubadilika tarehe kwa kufunguliwa tu. Jina lililoongezewa neno “mwisho” halikuthibitisha lolote. Zaidi ya hayo, pale ambapo nakala mbili zinatofautiana kwa mstari mmoja, haiwezekani kujua kama mstari huo umeongezwa upande mmoja au umefutwa upande wa pili, mpaka ionekane nakala mama iliyozizaa zote mbili.

Watunzi wa programu walikuwa wamekwisha kukabili jambo hilo katika mafaili yao wenyewe. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitunga SCCS, iliyohifadhi mabadiliko ya faili hatua kwa hatua. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hukitambulisha kila kilichohifadhiwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na maudhui yenyewe, na kila hatua hutaja mzazi wake. Nasaba hiyo ndiyo iliyokosekana katika mafaili ya wilaya.

DHIS2 haikufuata njia hiyo kwa takwimu. Iliondoa nakala zenyewe: ofisi zote zikaingia katika seva moja kupitia intaneti, na kila kipengele kikapewa utambulisho wa pekee. Kenya iliieneza nchini kote mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata kufikia 2013. Suluhisho hilo lilikuwa na gharama yake. Kituo kisicho na mtandao kilibaki na karatasi, na uingizaji ukaendelea kufanyika wilayani. Wagonjwa wa malaria wakihesabiwa mara mbili, au wasipohesabiwa kabisa, mgao wa dawa wa zahanati hiyo hupangwa kwa idadi isiyo yake.