Nani aliuleta mwani wa Bwejuu?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zimenibana. Juzi nilipata upenyo nikapanda daladala mpaka Bwejuu. Bamvua ilikuwa kubwa, maji yamekupwa mbali, akina mama wameinama kwenye vigingi vyao kama wako kondeni. Nikampa mmoja shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Kisha akaniuliza kama najua nani aliuleta mwani huu. Sikujua. Na digrii yangu kabatini!

Basi nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina la kwanza ni Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1974, akiwa amesomea mwani. Wakati ule mwani wa kwetu uliokotwa tu ufukweni na mwambani, ukauzwa nje. Mshigeni akauliza swali jepesi: kwa nini tuokote mpaka uishe, wakati unaweza kupandwa? Akazunguka pwani, akafanya majaribio Unguja na Pemba, akaandika. Baadaye alifundisha Namibia, na huko pia hoja yake ilikuwa ileile: Mwafrika anazo mali asili ambazo anazikanyaga kwa miguu.

Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 huku pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Bwejuu nayo ikaingia. Kabla ya hapo mama wa huku alifukia makumbi, akayapiga, akasokota kamba. Mwani ukampa fedha ya mkononi mwake mwenyewe, ikalipa ada na sare za watoto. Ndiyo maana wakulima wengi ni wanawake hadi leo.

Lakini bahari haina mkataba na mtu. Kuna aina mbili: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo dhaifu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa, kwa sababu maji ya kina kifupi yanapata joto kali. Aliyebaki na spinosamu amebaki na bei ya chini.

Hapo ndipo anaingia Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Yeye hakuishia kupima joto la maji. Mwaka 2006 alianzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani, watafiti, serikali na wanunuzi. Akina mama wakaanza kusaga mwani unga na kutengeneza sabuni, badala ya kuuza mkavu kwa kilo tu. Akajaribu pia nyavu za mirija, ili kotonii ipandwe kwenye maji ya kina, yenye ubaridi.

Wadau, hapa pana mtihani. Shamba la kina linataka chombo, na mama wengi hawajui kuogelea. Tukiwa na pupa, kilimo cha mama kitageuka kuwa cha mwenye boti. Ndiyo maana nampenda mtafiti anayekaa na wakulima kwanza. Sayansi yake inajua kwamba nyuma ya kila kamba kuna mtu.

Mwani huu husafiri kwenda Ulaya, Asia na Marekani, utomvu wake ukaingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Wanaoitumia hawaijui Bwejuu. Wao nawasamehe. Sisi je, tunaojenga sanamu za wanasiasa na kuwasahau wasomi wetu?

Nitarudi Bwejuu bamvua ijayo, nikampe yule mama jibu lake. Kama ana swali jingine, safari hii nakwenda na daftari.

Alamsiki.